Viatu vya Mtoni

Tairi la kwanza lilikufa kwa kelele. La pili na la tatu yakafuata, na kufikia la nne Mhandisi Perpetua Chidama alikuwa ameshaizoea ile sauti ya upepo unaotoka kwa hasira. Kisu chake cha umeme, mali ya serikali, kilipita ubavuni mwa mpira kama kinakata papai. Alipomaliza alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akawageukia watu wa kivukoni waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha kibanda chao cha mabati wakimtazama.

"Kwa mujibu wa Sheria ya Upepo," alisema, "mtu yeyote anayemiliki, kuuza au kukodisha tairi la kujazwa upepo..."

"Tunaijua, mama," alimkatiza Sospeta Ndahani, mkuu wa kivuko. "Tumeisikia redioni. Ina na wimbo wake kabisa."

Wenzake walicheka. Perpetua hakucheka, maana sheria hiyo aliiandika yeye.

Kivuko chenyewe hakikuwa na chombo cha maji. Mto Chinyika ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, mpana, mweupe, unaochoma macho. Daraja lake lilisombwa masika mawili yaliyopita na wakubwa walikuwa bado wanalichora. Wakati huo magari yote nchini yalikwisha kuvaa mbavu. Tairi la mbavu lina ngozi nene nje na kitovu cha chuma ndani, na katikati, mahali pa upepo, zimepangwa mbavu ngumu zinazopinda na kurudi. Halijui pancha wala halipasuki, na msumari ukiingia unakaa humo kama mgeni asiyekaribishwa chai. Vijana walikuwa wakikua bila kujua jeki ni nini. Lakini mbavu hupinda kwa kipimo kimoja tu, kile alichokikadiria mhandisi, na mtu hawezi kushuka garini akazilegeza kidogo apendavyo. Kwenye mchanga wa Chinyika gurudumu la mbavu lilikuwa linajichimbia kaburi.

Ndipo Sospeta na wenzake wakafufua matairi manne ya zamani. Waliyatoa upepo nusu, yakakaa bapa na mapana. Gari likifika, linavuliwa mbavu zake, zinapakiwa juu ya keria, linavalishwa yale manne, linavuka polepole, linavuliwa ng'ambo, na matairi yanarudishwa kwa kuviringishwa. Waliyaita viatu vya mtoni. Asubuhi ile Perpetua mwenyewe alivuka navyo kutoka upande wa mjini. Alijifanya mnunuzi wa alizeti, akashukuru vizuri tu, kisha akatoa kitambulisho na kisu.

"Sasa mhandisi utarudije kwenu?" Sospeta aliuliza kwa sauti ya mtu anayejali kweli. "Au mjini siku hizi mnaota mabawa?"

"Nitazunguka kwa barabara ya juu."

"Hiyo ni siku nzima."

"Basi iwe siku nzima." Perpetua alikichomeka kisu kwenye ala yake. Kejeli alizizoea, ila zile za leo zilimchoma, na akajikuta anasema jambo ambalo kwa kawaida hakulisema kwa watu asiowajua. "Una ndugu aliyeuawa na mbavu zangu?"

"Bado."

"Mimi ninaye aliyeuawa na upepo. Kaka yangu, Ezra. Alikuwa upande wake wa barabara, mwendo wa halali. Lori linatoka mbele, tairi lake la mbele likapasuka, lori likamfuata upande wake. Dereva wa lori hakuwa amelewa, hakuwa amelala. Kosa lilikuwa upepo tu."

Sospeta alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya, na kifo hakitaniwi.

"Pole sana, mama. Sisemi upepo hauui. Nasema tu wahenga waliona mbali: usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Perpetua alikuwa anaelekea garini kwake aliposikia king'ora.

*

Gari la wagonjwa lilishuka kutoka mlimani likiwa limefunikwa na vumbi. Dereva wake, Kaduma, aliruka chini kabla halijasimama sawasawa.

"Sospeta! Viatu, haraka! Nina mgonjwa!"

Kaduma alifuata macho ya watu mpaka yalipoishia, kwenye mipira minne iliyolala chini na midomo wazi. Alimtazama Perpetua, akakitazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake, kisha ala ya kisu. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Mlango wa nyuma ulifunguka na nesi akatoa kichwa. Adelina alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya damu hadi vifundoni. "Kaduma, mbona tumesimama?"

"Viatu vimepasuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Perpetua.

Ndani alikuwa amelala Mwalimu Foibe, ambaye nusu ya watoto wa bonde lile walijifunza kusoma kwake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amelala vibaya na damu ilikuwa inatoka. Kilichomweka hai ni mashine iliyopigiliwa kwenye sakafu ya gari, iliyokusanya damu yake, ikaisafisha na kuirudisha mwilini. Kumbeba kwa machela kuvuka mto kungekuwa kuiacha mashine nyuma. Tena ng'ambo hakukuwa na gari hata moja hadi kufika lami.

"Ndege ya wagonjwa?" Perpetua aliuliza.

"Imekataa kuruka." Adelina alielekeza kidevu upande wa chanzo cha mto. Juu ya milima ya mbali kulikuwa na wingu jeusi, limekaa palepale. Hapa chini jua lilikuwa linawaka.

Perpetua aliinama juu ya tairi mojawapo, akauchunguza mpasuko kwa vidole. "Haliwezi kuzibwa?"

"Ungelichoma msumari ningeliziba kabla chai haijapoa," alisema Sospeta. "Lakini umelipasua ubavu, mama. Hilo sasa ni la kukata katambuga tu, tuvae miguuni."

Kaduma hakungoja zaidi. "Najaribu hivihivi," alisema, na kabla mtu hajamzuia alikwisha kuingia mtoni.

Alikwenda vizuri hadi karibu na katikati. Kisha mkia wa gari ukakaa. Magurudumu yalizunguka, yakarusha mchanga, yakazama, na mara yakagoma kabisa. Taa nyekundu iliwaka juu ya kila moja. Huo ulikuwa ubongo wa tairi, kifaa kidogo kilichofichwa kitovuni, kinachosikiliza mbavu zote na kulifunga gurudumu pindi kinaposikia mojawapo inaumia. Na huo nao ulikuwa wazo la Perpetua.

Alikimbia hadi pale na kupiga magoti. Mchanga wa Chinyika juu ni mkavu, chini una unyevu. Ulikuwa umeingia katikati ya mbavu ukashikamana kama ugali wa jana, hata hakuna ubavu ulioweza kupinda. Tairi lilikuwa limegeuka jiwe. Perpetua alilikwangua kwa kucha, akaelewa. Kwenye uwanja wa majaribio walikuwa na bwawa la mchanga, na magurudumu yalipita humo mara mia bila kukwama. Mchanga ule uliletwa na malori ya wajenzi. Ulikuwa mchanga wa kupigia lipu, mkavu, uliochekechwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba mto hauchekechi mchanga wake.

Hapo ndipo debe lilipolia.

Lilikuwa mbali, huko juu mtoni. Kisha likalia jingine, karibu zaidi. Watu wote wa kivukoni walisimama kwa pamoja. Perpetua alimtazama Sospeta.

"Tunaweka walinzi juu ya mawe," alisema Sospeta, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Wa kwanza akiona maji anapiga, wa pili anapokea. Kati ya debe la pili na maji kuna muda wa kusonga ugali, tena si ugali wa watu wengi."

*

Kuna kitu Perpetua alikuwa anakijua tangu alipopiga magoti. Alikinyamazia, akitumaini mtu mwingine atasema kingine. Hakuna aliyesema.

Mbavu zimepangwa mbilimbili. Ukikata moja ukaacha moja, gurudumu zima, tairi linalegea. Linakaa bapa, linatambaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba, na mchanga unadondoka wenyewe kwenye nafasi zilizobaki. Ni kama kutoa upepo nusu. Tofauti ni kwamba upepo unarudishwa kwa pampu. Ubavu uliokatwa haurudi.

Na ubongo wa tairi haukubali. Ukisikia hata ubavu mmoja umekatika, unafunga gurudumu. Ili gari liende, ubongo ulipaswa kuzimwa, na watu waliopewa uwezo wa kuuzima kwa dole gumba walikuwa wachache mno. Yeye alikuwa mmoja wao. Sheria yake mwenyewe ilimtaja anayefanya hivyo kwa jina baya: mwuaji anayengoja siku. Kwa maana ng'ambo ya mchanga kulikuwa na lami, na kwenye lami kulikuwa na magari ya watu, na tairi lenye nusu ya mbavu, lisilo na ubongo wa kulionya, siku ya kuvunjika linavunjika ghafla kama lile la lori.

"Naweza kulitoa gari hapa," alisema. Aliwaeleza kwa maneno machache, akiwa ameshika mlango wa nyuma.

"Fanya basi!" Kaduma alipaza sauti.

"Sikiliza kwanza. Mchanga mtavuka. Lami siijui. Mkienda polepole mtafika, ila..." Alimtazama Adelina.

"Polepole hatuna," alisema Adelina.

"Mkienda mbio mbavu zitapata moto. Zikivunjika, mnaweza kumfuata mtu yeyote anayekuja mbele. Sitaki kuamua peke yangu."

"Ulipopasua yale manne ulimwuliza nani?" Sospeta alisema. Aliyasema taratibu, bila chuki, na ndiyo maana yaliuma.

Sauti ilitoka ndani ya gari, nyembamba, ila bado ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. "Mhandisi."

Perpetua aliinama. Uso wa Foibe ulikuwa wa majivu na midomo imekauka.

"Naam, Mwalimu."

"Wewe utakuwa wapi? Huko kwenye lami."

Lilikuwa swali rahisi, na Perpetua aliona aibu kwamba hakuwa amejiuliza. "Nitakuwa humu. Nitakaa juu ya gurudumu."

"Basi kata," alisema Foibe, akafumba macho.

Alikata. Alilala kifudifudi mchangani, mkono hadi begani ndani ya gurudumu, na kisu kilekile cha asubuhi kikapita moja, kikaacha moja. Kila ubavu ulilia ulipokatika. Ilimchukua miaka kumi ya maisha yake kuzifanya mbavu zile zisikatike, na sasa alikuwa anatamani zikatike upesi. Sospeta na wenzake walifukua mchanga kwa mikono, kwa sahani, kwa bati la paa la kibanda chao. Perpetua aliweka dole gumba kwenye kitovu cha kila gurudumu, na taa nyekundu zikazimika. Gari lilishuka kidogo, likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Sauti ya maji ilikuja kabla ya maji. Haikuwa ngurumo, ilikuwa mkwaruzo, kama watu wengi wanaburuta magunia.

"Twende! Usikate kona, usikanyage breki!" Sospeta alikuwa anasukuma na bega lake. "Mama, panda!"

Gari lilitambaa. Halikuchimba. Liliukanyaga mchanga kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Kaduma alikuwa anaomba kwa kilugha chake bila kupumua. Perpetua alichungulia kioo cha nyuma akaona watu wa kivukoni wanakimbilia ukingo wao, na nyuma yao, kwenye kona ya mto, ulimi wa maji ya kahawia uliobeba matawi na povu. Magurudumu ya mbele yaligusa ukingo wa ng'ambo. Ya nyuma yaliteleza mara moja, yakashika. Maji yalipita nyuma yao yakiziba kila alama waliyoiacha.

*

Kwenye lami gari lilianza kulia. Matairi ya mbavu yana kelele hata yakiwa mazima, na haya yalikuwa yanapiga mluzi mchafu uliopenya meno. Perpetua alikuwa amekaa sakafuni nyuma, viganja vyote viwili chini, juu ya gurudumu la kulia. Hakukuwa na ubongo tena wa kusikiliza. Alikuwa anasikiliza yeye.

"Ongeza kidogo," alisema. Kisha: "Hapohapo. Usizidishe."

"Shinikizo linashuka," alisema Adelina. "Na mapigo ya mtoto yanachelewa. Kaduma, kanyaga."

"Mhandisi?" Kaduma aliuliza.

Perpetua alihisi joto likipanda kwenye viganja. Mbavu zile zilikuwa zimejengwa kwa kugawana mzigo, na sasa kila moja ilibeba na wa jirani yake aliyekufa. "Ongeza," alisema, na moyo wake ulimwambia amekosea.

Walikwenda. Mashamba ya alizeti yalipita pande zote mbili. Magari yaliyokutana nao yalijiendesha yenyewe, mwendo wa risasi, abiria wamelala au wanakula mahindi, kila mmoja akiamini kwamba kila gurudumu barabarani ni zima, kwa sababu Mhandisi Chidama aliwaahidi hivyo. Kila lilipopita moja alibana pumzi.

Kisha akausikia mlio wa kwanza. Tak. Ukanyamaza. Tak, tak.

"Kaduma, unaona nini mbele?"

"Basi. Basi kubwa, limejaa."

"Punguza. Toka pembeni kabisa, kwenye changarawe."

"Hapana!" Adelina aligeuka, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira. "Ukipunguza sasa nitampoteza mtoto. Unanisikia? Dakika hizi ndizo zenyewe!"

Tak, tak, tak, chini ya viganja vyake. Perpetua alimtazama Foibe. Foibe hakuwa na fahamu ya kuulizwa tena. Kwa hiyo safari hii aliamua peke yake, kama asubuhi, ila sasa akijua bei yake. Alimwona Ezra upande wake wa barabara, mwendo wa halali. Leo lori lilikuwa ni wao.

"Toka barabarani," alisema. "Sasa."

Kaduma alitoka. Gari lilikuwa linasaga changarawe, mwendo wa mtu anayetembea, basi lilipopita kwa kishindo cha upepo. Dirishani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anamsuka mwenzake. Mkia wa basi ulikuwa haujapotea gurudumu la kulia lilipovunjika, mbavu zote zilizobaki kwa mpigo mmoja, na gari likaegemea ubavu likavuta kwa nguvu upande ule ambao basi lilikuwa limepita.

Kaduma alilirudisha, akaendelea kulikokota juu ya chuma, cheche zikiruka, hadi paa za hospitali zikaonekana.

*

Walimpokea Foibe mlangoni na mashine yake. Perpetua alibaki kwenye benchi la nje, viganja vimevimba malengelenge. Jua lilikuwa limeanza kulegea Adelina alipotoka. Alikuwa ameshanawa mikono.

"Mama yupo," alisema. "Ataishi."

"Na mtoto?" aliuliza Perpetua.

"Mtoto tumemkosa. Alikuwa wa kike." Adelina alikaa benchi hilohilo, mbali kidogo. "Nilimwona yule mama dirishani, anamsuka mwenzake. Nililiona basi. Sitakuambia ulikosea pale barabarani."

"Sikukosea pale barabarani," alisema Perpetua. "Nilikosea mtoni, asubuhi."

Kisha alilia, bila kujificha, na Adelina hakumbembeleza wala hakuondoka.

Askari wa barabara alikuwa ameshafika, kijana mstaarabu, akiyazunguka mabaki ya gari la wagonjwa na kutikisa kichwa. Alimjua Perpetua kwa picha, akampigia saluti. "Shikamoo, Mhandisi. Kuna mtu amekata hizi mbavu kwa makusudi."

"Marahaba. Ni mimi."

Askari alidhani amesikia vibaya. Kabla hajauliza tena, simu ya Perpetua ililia. Alikuwa Sospeta, aliyeisoma namba yake kitambulishoni asubuhi, na nyuma ya sauti yake maji yalikuwa bado yananguruma.

"Mmefika?"

"Tumefika. Mwalimu yupo. Mtoto hapana."

"Mungu amweke pema," alisema Sospeta. "Mama, sikupigii kukuudhi. Maji yameanza kupungua, kesho asubuhi mchanga utakuwa wazi. Na hapa ameshafika mzee mmoja na mkewe, mguu wa mke umevunjika. Anauliza viatu. Nimwambie nini?"

Perpetua alimtazama askari. Kituo chao kilikuwa na ghala nyuma, amelipita mara nyingi. Ndani yake yalipangwa matairi ya upepo yaliyokamatwa wilaya nzima, yakingoja kuchomwa, na amri ya kuyachoma ilikuwa na sahihi yake.

"Mwambie alale hapo," alisema kwenye simu. "Kukicha nitakuwa ng'ambo, nayaviringisha mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono wake uliobabuka kwa askari. "Mwanangu, kabla hujanikamata, naomba ufunguo wa ghala."

Kijana alisita, mkono wake umegusa ufunguo kiunoni. "Matairi yale yana upepo, Mhandisi. Tulikuwa tuutoe kwanza."

"Toeni nusu," alisema Perpetua.